Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Takwimu kwa Mwanafunzi wa Sayansi za Afya

Mwanafunzi wa uuguzi, famasia, maabara au udaktari anayeuogopa mtihani wa takwimu mara nyingi hudhani kuwa anachokiogopa ni hesabu. Nimekaa na wanafunzi wa namna hiyo kwa miaka kadhaa, nikiwasahihishia mazoezi yao jioni wanapotoka wodini, na ninachokiona karatasi baada ya karatasi ni kitu kingine: hesabu zao huwa sahihi, ila wamekokotoa kitu ambacho swali halikukiuliza. Kujumlisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili ni kazi ya kikokotoo. Kazi ya mwanafunzi ni kutambua aina ya data aliyopewa, kuelewa data hiyo ilipatikanaje, na mwishoni kuandika sentensi inayowarudia wagonjwa ambao namba hizo zimetoka kwao. Maelezo yafuatayo yanazifuata kazi hizo tatu, na nimezipa nafasi kubwa zaidi zile sehemu ambazo wanafunzi hupotezea alama nyingi.

Jifunze kulisoma swali kabla ya kushika kikokotoo

Nilipokuwa mwaka wa pili nilipewa swali la wagonjwa 20 wa shinikizo la damu waliopimwa kabla ya kuanza dawa na kupimwa tena baada ya mwezi mmoja. Niliyachukua yale majibu ya kabla kama kundi moja na ya baada kama kundi lingine, nikafanya jaribio la t (njia ya kulinganisha wastani) la makundi mawili yasiyohusiana, nikatumia digrii za uhuru 38, yaani idadi ya vipimo vilivyobaki huru kubadilika baada ya wastani kukokotolewa, na kila mstari wa hesabu ulikuwa umenyooka. Nilipata alama mbili kati ya kumi. Nilipokwenda kuuliza, mwalimu hakuigusa karatasi yangu. Aliniuliza, “Mwanangu, wagonjwa hao walikuwa wangapi?” Nikajibu arobaini, kisha nikajirudi na kusema ishirini. “Basi kila mmoja unamlinganisha na nani?” Na yeye mwenyewe, nikasema, na hapo nikaelewa kwamba nilitakiwa kuchukua tofauti ya kila mgonjwa, kupata orodha ya tofauti 20, na kufanya jaribio la t la jozi lenye digrii za uhuru 19. Somo hilo halikuwa la kanuni hata kidogo.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalompa mwanafunzi yeyote ni la kusoma bila kukokotoa. Kusanya maswali kama hamsini kutoka mitihani iliyopita, mazoezi ya darasani na sura za mwisho za kitabu unachotumia, kisha kwa kila swali uandike mambo machache tu katika daftari: ni kitu gani kinapimwa, kimepimwa kwa namba au kwa makundi, kuna makundi mangapi yanayolinganishwa, na je, watu wa kundi moja ni wale wale wa kundi la pili au ni watu tofauti. Usikokotoe chochote. Baada ya hapo andika jina la jaribio la kitakwimu linalofaa, na sababu yake kwa sentensi moja. Maswali hamsini ya namna hiyo huchukua siku tatu au nne za jioni, na mwanafunzi aliyeyamaliza kwa uaminifu huwa ameshavuka sehemu ngumu kuliko zote.

Aina ya kibadilika, yaani kile kinachopimwa na ambacho hubadilika kutoka mtu mmoja hadi mwingine, ndiyo mlango wa kila kitu. Uzito wa mtoto, kiwango cha hemoglobini na umri kwa miaka ni vibadilika vya namba. Jinsia, kundi la damu na jibu la kipimo, chanya au hasi, ni vibadilika vya makundi. Katikati yake kuna vibadilika vya ngazi, kama hatua ya saratani au kiwango cha maumivu ambacho mgonjwa hukitaja kati ya 0 na 10, ambavyo vina mpangilio lakini hatuna hakika kwamba umbali kati ya ngazi ya 2 na ya 3 ni sawa na ule wa kati ya 8 na 9. Watunga mitihani hupenda kuficha kibadilika cha makundi nyuma ya namba: kundi la damu likiingizwa kwenye kompyuta kama 1, 2, 3 na 4, mwanafunzi aliyechoka atakokotoa wastani wake na kupata 2.3, jibu ambalo halina mgonjwa yeyote duniani.

Ukishaitambua aina ya data, uchaguzi wa jaribio hauna siri kubwa. Kibadilika cha namba kikilinganishwa kati ya makundi mawili ya watu tofauti, ni jaribio la t la makundi yasiyohusiana. Wakiwa watu wale wale, ni la jozi. Makundi yakifika matatu au zaidi, ni Anova, jaribio linalolinganisha wastani wa makundi mengi kwa pamoja. Makundi yakilinganishwa na makundi, ni kai-skwea, isipokuwa idadi zinazotarajiwa kwenye visanduku zikiwa chini ya 5, ambapo jaribio la Fisher ndilo salama. Namba kwa namba, kama umri na shinikizo la damu, hupelekwa kwenye kipimo cha uhusiano cha Pearson au kwenye regresheni, yaani mstari wa kukadiria namba moja kutokana na nyingine. Data ikiwa ya ngazi, au ikiwa imeelemea upande mmoja huku sampuli ikiwa ndogo, jaribio la t huachia nafasi yake kwa Mann-Whitney na lile la jozi huachia kwa Wilcoxon.

Fanya hesabu chache kwa mkono, hadi uzione namba zikitembea

Wapo wanaosema kwamba siku hizi kompyuta hufanya kila kitu, kwa hiyo kukokotoa kwa mkono ni kupoteza muda. Sikubaliani nao, kwa sababu mtu hawezi kutafsiri mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ambao hajawahi kuujenga yeye mwenyewe walau mara tatu. Chukua mfano mdogo wa watoto wachanga tisa waliopimwa uzito kwa kilo: 2.4, 2.8, 2.9, 3.0, 3.1, 3.1, 3.2, 3.4 na 4.0. Jumla yake ni 27.9, wastani ni 3.1, na thamani ya kati, yaani ya tano katika mpangilio, nayo ni 3.1. Sasa toa wastani kwa kila uzito, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, na ujumlishe, utapata 1.54. Gawanya kwa 8, wala si kwa 9, kwa sababu hii ni sampuli na digrii moja ya uhuru imeshatumika kuupata wastani. Jibu ni 0.1925, na kipeuo chake cha pili ni takriban 0.44. Huo ndio mchepuko sanifu.

Kikokotoo chako kina vitufe viwili kwa kazi hii, kimoja cha sampuli na kingine cha watu wote, na ukibonyeza kile cha pili utapata 0.41. Tofauti inaonekana ndogo, lakini msahihishaji ataiona mara moja. Jua mapema, kwa kikokotoo kile kile utakachoingia nacho chumbani, ni kitufe kipi kinachogawanya kwa n kutoa 1, na uhakikishe kwa kuingiza uzito wa watoto hawa tisa.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: liharibu jibu kwa makusudi. Tuseme mwandishi wa rejista alisahau nukta, na ule uzito wa 4.0 ukaandikwa 40. Wastani unaruka hadi 7.1, ilhali thamani ya kati inabaki 3.1 kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake hahitaji tena kukariri sentensi isemayo kwamba thamani ya kati haiyumbishwi na namba zilizopindukia, na akiulizwa ni kipimo gani afadhali kitumike kwa siku za kulazwa hospitalini, ambako wagonjwa wachache hukaa miezi, atajibu na kutoa sababu.

Watoto hao hao watakufundisha pia tofauti kati ya mchepuko sanifu na kosa sanifu, ambayo ni mtego wa kila mwaka. Mchepuko sanifu wa 0.44 unaeleza jinsi watoto wanavyotofautiana wao kwa wao. Kosa sanifu, ambalo ni mchepuko huo kabla ya kufupishwa, 0.4387, kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani takriban 0.146, linaeleza jinsi wastani wetu ungeyumba kama tungechukua sampuli nyingine na nyingine. La kwanza linahusu watoto, la pili linahusu makadirio yetu. Kwa sampuli ndogo namna hii wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani mipaka ambayo tunatarajia wastani wa kweli uwe ndani yake, hautumii 1.96 bali thamani ya t kwa digrii 8 za uhuru, ambayo ni 2.306, na wigo wenyewe unatoka kilo 2.76 hadi 3.44. Jedwali hilo la t tunadaiwa na William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, ambaye alilazimika kutoa majibu kutokana na vipimo vichache tu, akachapisha kazi yake mwaka 1908 kwa jina la kalamu la Student. Hospitali ya wilaya yenye wagonjwa tisa wa ugonjwa fulani imo katika hali ile ile aliyokuwa nayo yeye.

Kuhusu mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kilima, nina onyo moja: chora. Tuseme hemoglobini ya wajawazito wa kliniki fulani ina wastani wa 11.5 na mchepuko sanifu wa 1.0, na swali linataka asilimia ya walio chini ya 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia kutambua upungufu wa damu katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho ya ujauzito. Thamani ya z, yaani umbali kutoka kwenye wastani ukihesabiwa kwa michepuko sanifu, ni −0.5. Baadhi ya majedwali hutoa eneo kutoka katikati, na humo utakuta 0.1915, mengine hutoa eneo lote la kushoto, na humo utakuta 0.3085. Mwanafunzi aliyechora kilima, akaweka mstari kushoto kidogo ya kilele na kutia kivuli kwenye mkia, ataona kwamba jibu lazima liwe chini ya nusu lakini si dogo sana, na atajua kwamba 0.1915 inapaswa kutolewa kwenye 0.5. Jibu ni karibu asilimia 31. Tafuta mapema ni jedwali la aina gani litakaloambatanishwa na mtihani wenu, na ufanye mazoezi yote kwa hilo hilo.

Tumia utafiti wa kweli kuielewa kai-skwea na thamani ya p

Mifano ya sarafu na dadu husahaulika upesi. Mimi huwafundishia wanafunzi utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, kwa sababu ulifanyika katika wodi zinazofanana na zao: watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa dawa ya artesunate na nusu dawa ya kwinini. Matokeo yake yanaingia katika jedwali la visanduku vinne.

| | Walifariki | Walinusurika | Jumla |
|---|---|---|---|
| Artesunate | 230 | 2,482 | 2,712 |
| Kwinini | 297 | 2,416 | 2,713 |
| Jumla | 527 | 4,898 | 5,425 |

Funika jibu na ulifanye hili kwa mkono. Kama dawa hizi mbili zingekuwa sawa, vifo 527 vingegawanyika karibu nusu kwa nusu, kwa kuwa makundi yanakaribia kulingana: jumla ya mstari mara jumla ya safu, gawanya kwa jumla kuu, na unapata vifo 263.45 vilivyotarajiwa kwa artesunate na 263.55 kwa kwinini. Waliofariki kwa artesunate walikuwa 230, yaani 33.45 pungufu ya matarajio. Zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, gawanya kwa idadi iliyotarajiwa, rudia kwa visanduku vyote vinne na ujumlishe. Utapata takriban 9.41. Jedwali la kai-skwea kwa digrii moja ya uhuru linaweka mpaka kwenye 3.84 kwa kiwango cha asilimia 5, kwa hiyo tumeuvuka kwa mbali, na thamani ya p ni karibu 0.0022.

Hapa ndipo alama zinapomwagika, kwa sababu sasa inabidi kuandika sentensi. Wengi huandika kwamba uwezekano wa nadharia tete sifuri, yaani dhana kwamba hakuna tofauti, kuwa kweli ni 0.0022, au kwamba artesunate inafanya kazi kwa asilimia 99.78. Zote mbili si sahihi. Thamani ya p huanza kwa kudhania kwamba hakuna tofauti kati ya dawa, kisha huuliza jinsi data kama hii ingekuwa nadra. Sentensi ninayowataka waiandike hadi mkono uizoee ni hii: kama artesunate na kwinini zingekuwa na uwezo sawa wa kuzuia vifo, uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii, au kubwa zaidi, kwa bahati tu ungekuwa 0.0022; na kwa kuwa ni chini ya 0.05, tunaikataa nadharia tete sifuri. Na p ikizidi 0.05, usiandike kamwe kwamba umethibitisha kuwa dawa ni sawa; andika kwamba data haikutoa ushahidi wa kutosha wa kuikataa nadharia hiyo, kwa sababu pengine sampuli ilikuwa ndogo mno kuiona tofauti iliyopo.

Usiishie kwenye p. Mkuu wa wodi anataka kujua tofauti ni kubwa kiasi gani. Waliofariki ni asilimia 8.5 kwa artesunate na asilimia 10.9 kwa kwinini. Uwiano wa hatari, yaani hatari ya kundi la artesunate kugawanywa kwa ya kundi la kwinini, ni takriban 0.77, hatari imepungua kwa pointi karibu 2.5, na ukigawanya 1 kwa 0.025 utaona kwamba kwa kila watoto wapatao 40 wanaotibiwa kwa artesunate badala ya kwinini, mtoto mmoja zaidi anaokolewa. Uwiano wa odi (odi ni waliofariki kugawanywa kwa wasiofariki) waliouripoti watafiti ulikuwa 0.75, wenye wigo wa uhakika kuanzia 0.63 hadi 0.90. Wigo huo haukuigusa 1, nayo 1 ndiyo thamani ya kutokuwepo kwa tofauti panapohusika uwiano wowote. Kwa tofauti ya wastani au ya asilimia, thamani hiyo ni 0. Mwanafunzi asiyezitenganisha hizo mbili hupoteza alama ambazo angezipata kwa kutazama tu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali, na sioni njia bora ya kumweleza kijana wa mwaka wa kwanza kwa nini anasomeshwa kai-skwea.

Swali jingine linalorudi kila muhula ni kwa nini tunafanya jaribio la pande mbili hata tunapoamini kwamba tiba itasaidia. Jibu lake limo katika utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 baada ya kufanyika Uganda, Kenya na Tanzania. Watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, au hawakupewa. Iliaminika sana kwamba maji hayo huokoa. Ndani ya saa 48, waliofariki walikuwa asilimia 10.6 kati ya waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu), asilimia 10.5 kati ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 kati ya wasiopewa. Jaribio lililotazama upande mmoja tu, upande wa matumaini, lisingekuwa na nafasi ya kuliona hilo.

Unyeti, umahususi, na swali linalowashinda hata waliohitimu

Maswali ya vipimo vya uchunguzi ni alama za uhakika kwa anayekubali kuchora jedwali kila mara, na ni alama zilizopotea kwa anayekariri kanuni. Njia ninayoipendekeza ni kuwafanya watu 1,000 wawe mbele yako. Tuseme kipimo cha haraka cha malaria kina unyeti wa asilimia 95, yaani hukamata 95 kati ya kila wagonjwa 100, na umahususi wa asilimia 90, yaani huwaachia 90 kati ya kila wasio wagonjwa 100. Kipeleke katika eneo ambako asilimia 40 ya watoto wenye homa wana malaria. Wagonjwa ni 400, na kipimo kinawakamata 380. Wasio wagonjwa ni 600, na kinawaonyesha 60 kimakosa. Walio na jibu chanya ni 440, na kati yao wagonjwa wa kweli ni asilimia 86.

Kichukue kipimo kile kile ukipeleke mahali ambako malaria imepungua sana, mfano wa Zanzibar, na tuseme ni asilimia 2 tu ya wenye homa walio na ugonjwa. Wagonjwa ni 20, na 19 wanakamatwa. Wasio wagonjwa ni 980, na 98 wanaonyeshwa chanya kimakosa. Sasa kati ya majibu chanya 117, yaliyo ya kweli ni asilimia 16. Kipimo hakikubadilika, waliobadilika ni watu waliopimwa. Ukifanya mfano huu mara mbili kwa namba zako mwenyewe, swali la thamani ya utabiri ya jibu chanya, yaani sehemu ya majibu chanya iliyo ya kweli, halitakushinda tena.

Kosa linalofanana na hilo hutokea kwenye utafiti unaoanza na wagonjwa na kuwalinganisha na wasio wagonjwa. Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha utafiti wao wa saratani ya mapafu nchini Uingereza mwaka 1950, kati ya wanaume 649 wenye saratani hiyo, 647 walikuwa wavutaji, na kati ya wanaume 649 wa kulinganishwa nao, 622 walikuwa wavutaji. Mwanafunzi hukimbilia kugawanya 647 kwa jumla ya wavutaji wote na kuiita hiyo hatari ya kupata saratani. Haiwezekani, kwa kuwa idadi ya wagonjwa iliamuliwa na watafiti wenyewe. Wangechukua watu wa kulinganisha mara mbili zaidi, hiyo “hatari” ingeshuka bila kitu chochote kubadilika duniani. Kinachohesabika ni uwiano wa odi: 647 mara 27, gawanya kwa 622 mara 2, nao ni takriban 14. Kabla ya kuandika neno hatari kwenye karatasi ya majibu, rudi kwenye swali uangalie watu walichaguliwa kwa nini: kwa ugonjwa wao, au kwa kile kilichowapata kabla ya ugonjwa.

Mpangilio wa wiki za mwisho

Kwa aliye na wiki sita, ningeitumia wiki ya kwanza kwa zoezi la kutambua data, wiki ya pili kwa wastani, mchepuko na mtawanyo wa kawaida, ya tatu na ya nne kwa majaribio ya kitakwimu na wigo wa uhakika, ya tano kwa vipimo vya uchunguzi na aina za utafiti, na ya sita kwa mitihani iliyopita peke yake. Aliyebakiwa na wiki mbili asiache zoezi la kutambua data ili kuokoa muda. Apunguze kitu kingine chochote.

Mitihani iliyopita ifanywe kwa saa, mezani, bila daftari. Kusoma majibu ya mtu mwingine na kutikisa kichwa kwa kukubali si kujifunza takwimu. Mtihani wa saa tatu wenye alama 100 hukupa chini kidogo ya dakika mbili kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama 10 likishakula dakika 25, liache na uendelee. Ukimaliza, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine na uandike pembeni chanzo cha kila kosa: nilisoma vibaya, nilichagua jaribio lisilofaa, nilikosea hesabu, au nilitafsiri vibaya. Baada ya karatasi tatu utaona kosa lako limekaa wapi, na karibu kila mara si pale ulipodhani.

Majadiliano ya kikundi yanasaidia iwapo kila mmoja anafundisha. Mpeni mtu swali, asimame ubaoni, aeleze kwa Kiswahili cha kawaida kana kwamba anazungumza na mama wa mtoto aliyelazwa: tumepata nini, tuna uhakika kiasi gani, na kwa nini. Anayeshindwa kusema bila istilahi hajaelewa bado, na ni heri alijue hilo mbele ya wenzake watano kuliko mbele ya msimamizi wa mtihani.

Ikiwa mtihani wenu una kurasa za matokeo ya kompyuta, jizoeze kuyasoma hata kama huna programu yenyewe. Tafuta kwanza idadi ya watu walioingizwa, kisha jina la jaribio, kisha thamani ya p. Matoleo ya zamani ya SPSS, programu ya takwimu, huchapa .000 pale thamani inapokuwa ndogo mno. Usiinakili kama sifuri, kwa maana uwezekano huo haujawa sifuri, bali andika kwamba p ni chini ya 0.001.

Usiku wa mwisho usifungue mada mpya. Weka betri mpya kwenye kikokotoo au uhakikishe kinawaka, kiandae kitufe cha sampuli, weka rula na penseli za kuchorea, kisha ulale. Asubuhi, ukishapewa karatasi, pitia maswali yote na uandike kando ya kila moja aina ya data na idadi ya makundi kabla ya kuanza kujibu, maana akili ikiwa bado haijachoka ndipo hutambua vizuri. Onyesha kila hatua ya hesabu, kwa kuwa njia sahihi yenye jibu lililokosewa hupewa alama, ila jibu tupu lililokosewa halipewi kitu. Acha dakika kumi za mwisho kwa ukaguzi: hakuna thamani ya p inayozidi 1, hakuna mchepuko sanifu ulio hasi, wastani hauwezi kuwa mdogo kuliko namba ndogo kuliko zote katika data, na wigo wa uhakika wa wastani lazima uwe na wastani wenyewe katikati. Kisha soma upya kila sentensi ya mwisho uliyoiandika, na kama ndani yake humo mgonjwa, mtoto, dawa au kipimo kilichotajwa kwenye swali, iandike tena.